Misioni Isiyo na Padre: Maneno ya Katekista kwa Wakristo na Waalimu Siku ya Yubilei



Baba Askofu, Mapadre wetu, Masista, waalimu wenzangu, wazee na akina mama, na ninyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa mahali pa kukaa: wakubwa wa yubilei hii wamenipa habari moja ya kusema, nami nimeipokea kwa hofu kidogo, kwa kuwa yawagusa wengi waliopo hapa. Wameniagiza niseme juu ya Wakristo wanaokaa bila Padre, yule wa kwanza amekwisha kuondoka na wa pili hajafika. Pengine muda huo ni mwezi mmoja, pengine mwaka, pengine zaidi. Padre amehamishwa, au amefariki, au ameugua akapelekwa mbali, na Askofu hana mtu wa kumweka mahali pake. Kanisa limefungwa, ufunguo uko kwa mzee mmoja, nyasi zaota njiani. Watu waulizana: Sasa sisi ni nani?

Kusema kwamba tu Kanisa lile lile la jana ni rahisi, hasa siku ya sikukuu na mbele ya Askofu. Kulitenda neno hilo Jumapili ya kumi, mvua inanyesha na waliokuja kusali ni wanane, hiyo ni kazi nyingine. Kwa hiyo nitawaonyesha kwanza watu waliolitenda, tena hawakuwa mbali nasi.

Habari za Mashahidi wa Uganda twazijua tangu utoto. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, watu 22. Walakini katika kusimulia habari zao twakimbilia Namugongo na moto wake, twapita upesi juu ya miaka iliyotangulia. Mimi leo nataka tukae kidogo katika miaka ile.

Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapera, alifika Buganda pamoja na Bruda Amans tarehe 17 Februari 1879. Mwaka uliofuata wakabatizwa watu wa kwanza. Hata Novemba 1882 Mapadre wakaona hatari imezidi, wakaondoka wote, wakavuka Ziwa kuja upande wetu huu wa kusini, na mwaka 1883 wakajenga Bukumbi katika nchi ya Wasukuma. Huko Buganda hakubaki Padre wa Kikatoliki hata mmoja.

Hesabuni sasa, ninyi waalimu mnaopenda hesabu. Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa walibatizwa tarehe 30 Aprili 1882. Matia Kalemba na Luka Banabakintu walibatizwa tarehe 28 Mei mwaka ule ule. Basi Mapadre walipopakia vyombo vyao mitumbwini, watu hao walioachiwa kundi walikuwa na ubatizo usiozidi miezi saba. Ni nani kati yetu angewekwa kuongoza kigango akiwa na ubatizo wa miezi saba? Sisi tulipelekwa kwanza shuleni, tukapewa vitabu na mitihani, na bado Padre akipita hutusahihisha.

Wakakaa hivyo karibu miaka mitatu. Hawakuwa na Misa, hawakuwa na kitubio, wala mpako wa wagonjwa. Walifanya nini? Kila mmoja alishika watu waliokuwa karibu naye kwa kazi yake ya siku zote. Balikuddembe alikuwa mtumishi katika nyumba ya Kabaka, basi akawafundisha vijana wa nyumba ya Kabaka. Kaggwa alikuwa na nyumba yake mjini, watu wakafundishwa nyumbani kwake. Kalemba alikuwa na kazi ya uamuzi huko Singo, na huko Mityana yeye na Luka wakakusanya majirani. Hapakuwa na kengele wala jengo la kanisa. Alijua sala aliwafundisha wasiojua, na mgonjwa akasaliwa na jirani yake.

Kabaka Mutesa akafa Oktoba 1884, Mwanga akatawala, Mapadre wakaitwa tena, wakarudi Julai 1885. Wakakuta wanafunzi wengi kuliko waliowaacha. Mmoja wao alikuwa Noa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu, aliyefundishwa na Matia Kalemba. Akabatizwa tarehe 1 Novemba 1885. Siku kumi na nne baadaye Balikuddembe akauawa, kwa kuwa alimwonya Mwanga juu ya kifo cha Askofu Hannington wa Waanglikana. Na usiku wa siku ile ile ya kifo chake akabatizwa Karoli Lwanga, akashika mahali pake kati ya vijana.

Tazameni jinsi muda ulivyokuwa mfupi. Tangu kurudi kwa Mapadre hata kifo cha Balikuddembe ni miezi minne tu. Kama Wakristo wale wangalisema, "Tungoje, Padre akirudi tutaendelea," Mapadre wangalirudi na kukuta uwanja mtupu, na miezi minne isingalitosha kulima wala kupanda. Wale waliosimama imara mwaka 1886, si wachache walioanza kufundishwa na Wakristo wenzao katika miaka isiyo na Padre. Mimi kila nikisikia mtu akisema kwamba kigango chake kimekufa kwa sababu Padre amehamishwa, nakumbuka vyungu vya Noa.

Huko kusini mwa nchi yetu nako yalitokea yanayofanana. Katika vita vya 1914 hata 1918 na baada yake, Wamisionari Wajerumani waliondolewa Tanganyika. Askofu Thomas Spreiter wa Wabenediktini akaondoka mwaka 1920, na Gallus Steiger, ambaye alikuwa Mswisi, akawekwa kuwa mkuu wa eneo la Lindi mwaka 1922. Katikati hapo makatekista wakashika watu. Majina ya wengi wao hayakuandikwa, lakini kazi haikuzimika.

Sasa niseme upande wa pili, maana mtu akisikia habari za Kalemba aweza kuvimba kichwa, akajiona Padre mdogo. Mnakumbuka Musa alipopanda mlimani siku arobaini. Yeye aliyeachiwa watu alikuwa Haruni, ndugu yake mwenyewe, mtu wa cheo. Watu wakachoka kungoja, wakamwendea na maneno makali, naye akakusanya dhahabu zao akawafanyizia ndama. Sioni kwamba Haruni alikuwa mtu mbaya kuliko wengine. Aliogopa makutano, akawapa walichotaka. Katekista asiyeweza kuwaambia watu "hilo si langu kulifanya" yu njia moja na Haruni.

Huko Korea, mashariki ya mbali, Kanisa lilianzishwa na watu wasio Mapadre kabisa. Walisoma vitabu vilivyotoka Uchina, wakamtuma mwenzao, Yi Seung-hun, naye akabatizwa Peking mwaka 1784, akarudi akabatiza wenziwe. Wakaongezeka. Kisha wakaona kiu ya Sakramenti imewashika, wakachagua baadhi yao wawe kama Mapadre, wakaanza kusoma Misa na kusikiliza maungamo. Hawakufanya kwa kiburi. Walidhani ndivyo ipasavyo. Baadaye, katika kusoma vitabu vyao tena, wakaingiwa na shaka kama wana ruhusa. Basi wakaacha, wakatuma mtu Peking kwa Askofu kuuliza. Askofu akawaambia kwamba hawawezi. Nao wakatii.

Ndugu zangu, mimi nastaajabia kutii huko kuliko bidii yao ya kwanza. Fikirini mtu aliyekwisha kusimama altareni, watu wamempigia magoti, wakati mmoja anaambiwa arudi akae benchini na wengine. Naye akarudi. Padre wao wa kwanza, Zhou Wenmo, Mchina, alipoingia nchini kwa siri kama mwaka 1795, alikuta Wakristo wapata 4,000. Akauawa mwaka 1801, wakakaa tena bila Padre zaidi ya miaka thelathini, na bado hawakuvunjika.

Kwa hiyo nasema: kiti cha Padre kibaki wazi, kisikaliwe na mtu, bali kazi ya Wakristo isibaki wazi hata siku moja. Tena Askofu hatuachi kama yatima. Kila misioni isiyo na Padre wake hukabidhiwa Padre wa jirani, hata kama yu mbali na ana watu wake wengi. Mwalimu apaswa kulijua jina lake na njia ya kumfikia, na watu wasisikie aibu kumwita.

Juu ya Jumapili sitasema mengi, maana mwazijua sala zenu. Watu wakusanyike saa ile ile ya Misa, si saa yoyote impendezayo mwalimu. Masomo ya siku yasomwe na mtu aliyeyasoma kwanza nyumbani. Na mafundisho yawe mafupi. Sisi waalimu twapenda sana kusikia sauti zetu wenyewe. Padre akiwapo twajizuia, akiondoka twahubiri hata watoto walala. Na yule aliye na ugomvi na jirani yake wa mpakani asiupeleke mimbarini Jumapili.

Ubatizo wa hatari wapasa kujulikana na watu wazima wote, hasa akina mama wanaosaidia wazazi, kwa kuwa kifo hakingojei mwalimu atoke shambani. Watakapobatiza, siku ile ile jina la mtoto, la wazazi, la aliyebatiza na la shahidi yaandikwe daftarini. Lakini mtoto mzima asibatizwe hivyo kwa sababu bibi yake ana haraka ya karamu. Hiyo nayo nimeiona.

Wenye taabu zaidi, kwa maoni yangu, ni wachumba. Ng'ombe wamekwisha kutolewa, pombe imekwisha kunywewa, wazee wa pande mbili wachoka, na ndoa haina wa kuibariki. Mwezi wa kwanza kijana hungoja. Mwezi wa tatu baba wa binti husema, "Mchukue mkeo, Padre akija mtakwenda." Padre akija, amekuta watoto wawili na aibu ya kukaribia kanisani. Mwalimu mwenye huruma hatangoja mpaka hapo. Awaandikishe mapema, ampelekee Padre wa jirani majina, na siku ikipangwa aende pamoja nao, hata kama ni mwendo wa siku nzima. Nawaambia wazee pia: mliwalea watoto hawa miaka ishirini, mwezi mmoja zaidi hautawapunguzia ng'ombe.

Na fedha. Hapa nitasema wazi. Nakijua kigango kimoja, sitakitaja, ambacho sadaka yake ilikuwa ikikaa katika sanduku la mzee mmoja mwaminifu. Mzee hakuiba. Nduguye alitozwa faini barazani, akaja akilia, naye akamkopesha katika sadaka kwa ahadi ya kurudisha mavuno yakija. Mavuno hayakuja. Padre mpya alipofika akauliza hesabu, na siku ile watu wakagawanyika, hawa upande wa mzee, hawa upande wa hesabu. Mpaka leo kuna nyumba mbili pale zisizopeana moto. Sadaka ihesabiwe na watu watatu, mbele ya watu, kabla hawajatawanyika. Iandikwe siku ile. Na anayeshika daftari asiwe yule anayeshika sanduku. Mzee mwaminifu atafurahi kwa desturi hiyo, maana itamkinga na machozi ya nduguye.

Limebaki jambo moja, nalo laja mwishoni mwa kungoja. Padre mpya akifika, mara watu humpima kwa yule aliyetangulia. Yule alicheka na watoto, huyu hacheki. Yule alijua lugha yetu, huyu asema kama mtu aliye na kokoto kinywani. Yule alikula kwetu. Wengine hujiita watu wa Padre wa zamani, kama kwamba walibatizwa kwa jina lake. Wengine, ambao yule wa zamani aliwaonya, humzunguka huyu mpya siku ya kwanza wapate kumtia masikioni maneno yao kabla ya wengine. Wote wawili humchosha. Padre aliyeondoka tumwombee na kumwandikia salamu. Asiitwe kuamua mashauri ya mahali asipokuwapo tena.

Siku ya kufika kwake, mpeni maji ya kuoga na chakula, mwacheni alale. Mashtaka yalale nayo. Kesho yake, baada ya Misa, mwalimu na wazee wamkabidhi ufunguo, daftari la ubatizo, orodha ya wachumba, na sanduku la sadaka, lihesabiwe mbele yake na mbele ya watu. Kisha kabla hamjamwonyesha bati la paa linalovuja, mwongozeni kwa wagonjwa, nyumba kwa nyumba, wale ambao hawajapata Sakramenti tangu mwenzake aondoke. Anzeni na aliye mbali zaidi.