Mali Iliyokwisha Kuuzwa
Mashine ya michezo PlayStation 3, iliyotolewa na Sony mwaka 2006, ilimruhusu mwenyewe kuiwekea mfumo wa Linux na kuitumia kama kompyuta kamili, fadhila iliyowavutia hata wanazuoni wa fizikia, waliounganisha mashine kadhaa ili zikokotoe hesabu nzito. Lakini tarehe 1 Aprili 2010 programu mpya, toleo 3.21, ikaiondoa fadhila hiyo kwa hoja ya usalama. Aliyeikataa programu hiyo alifungiwa mtandao wa michezo, na aliyeikubali alipoteza Linux pamoja na kumbukumbu alizohifadhi humo. Hiari gani hiyo, ilhali thamani alikwisha kuilipa? Kwangu mimi hiyo ni dhuluma, na yapasa sheria za biashara zitamke bayana kwamba muuzaji hana ruhusa ya kunyofoa sehemu ya mali aliyokwisha kuiuza.