Saa Sabini na Mbili



Basi litokalo hapa Isiolo kwenda Nairobi hubeba mitungi ya maziwa ya ngamia, na muhula wa chuo kikuu ukianza hubeba pia vijana wetu. Tunawapa nauli, karo na sala. Lakini juu ya miili yao tunawapa neno moja tu: "Usituletee aibu." Leo tulipime neno hilo.

Kijana aliyelala na mtu asiyejua hali yake ya afya, au aliyebakwa, anaweza kupewa hospitalini dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi visishike mwilini. Sharti azianze upesi, kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, kisha azimeze kila siku kwa siku 28. Saa hizo zikipita, mlango huo umefungwa. Wako wanaokimbilia duka la dawa kununua vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, wakarudi wametulia. Vidonge hivyo havizuii Ukimwi, wala kaswende, wala kisonono.

Basi mfikirini msichana aliye peke yake chumbani chuoni, na saa zinakwenda. Je, atampigia simu mama yake? Atampigia mchungaji? Kama neno letu lilikuwa aibu tu, atanyamaza, na siku ya nne itamkuta kimya.

Bwana Yesu alizungumza na mwanamke Msamaria kisimani, mchana kweupe, juu ya waume aliokuwa nao. Hakuficha ukweli, wala hakumfukuza. Na kwa jirani zetu wa Uganda, mwaka 1992, Kasisi Gideon Byamugisha wa Kanisa la Anglikana alipojua kuwa ana virusi, alitangaza hadharani, akiwa wa kwanza miongoni mwa viongozi wa dini barani Afrika kufanya hivyo. Aliishinda aibu kwa kusema.

Je, tumeacha kuhubiri usafi? Hasha! Kungoja ndoa, na uaminifu ndani yake, ndilo fundisho letu. Lakini ukweli mwingine nao tusiufiche. Kondomu ikitumiwa sawasawa kila mara hupunguza sana hatari. Na mwenye virusi akimeza dawa zake kila siku, hata virusi visionekane tena katika kipimo, hamwambukizi mwenzake wanapokutana kimwili. Afadhali mtoto ayasikie haya kwetu.

Wazazi, kabla basi halijaondoka, ongezeni neno la pili: "Mwanangu, likikupata jambo, nenda hospitali kwanza, unipigie usiku huohuo. Mengine tutazungumza baadaye." Nasi wachungaji tusiwafungie mlango.

Tuombe. Ee Baba, utuondolee ukali unaowanyamazisha watoto wetu. Uwalinde waliosimama, uwainue walioanguka, uwafariji walioumizwa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.