Mahame: Kwa Nini Mji Huhamwa



Mtu atokaye Kinondoni akafika Kunduchi huona magofu ya msikiti wa mawe, na makaburi ya kale yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina. Mara hujiuliza: wenyewe walipatwa na nini? Wengi hujibu upesi kwamba ni vita, au maradhi, au majini. Leo tutafute jibu kwa utulivu.

Tutazame Kaole, yapata maili 3 kusini ya Bagamoyo. Msikiti wake wa kwanza ulijengwa karibu na karne ya 13. Majahazi yalileta nguo na shanga, yakachukua pembe za ndovu. Walakini, kidogo kidogo tope liliijaza bandari, na mikoko ikaota mahali palipoelea vyombo. Jahazi lisipofika, mfanyi biashara hana la kungoja. Biashara ikahamia Bagamoyo, na Kaole ikawa mahame.

Jambo kama hili lilitokea mbali sana, katika kisiwa cha Greenland chenye barafu. Yapata mwaka 985 watu wa kaskazini ya Ulaya walihamia huko, wakafuga ng'ombe na kondoo, wakauza meno marefu ya mnyama mkubwa wa baharini. Baadaye baridi ilizidi na merikebu zikaadimika. Habari ya mwisho iliyoandikwa juu ya maisha yao ni ya arusi ya mwaka 1408. Wataalamu wengine huona kwamba soko la meno yale lilipungua kwa sababu pembe za ndovu za Afrika zilikuwa zimefika Ulaya kwa wingi. Huenda baadhi yake zilipita pwani hii yetu!

Na Dar es Salaam je? Sayyid Majid wa Unguja alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860. Alipofariki mwaka 1870 kazi ilisimama, nyumba zikabomoka, majani yakaota. Mgeni angalipita siku zile, angalisema mji umekwisha. Lakini bandari ilibaki, yenye kina na kinga ya upepo. Wadachi walipokuja mwaka 1887 waliitaka kwa meli zao, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao ya serikali kutoka Bagamoyo, ambako maji ya pwani ni haba. Hivyo Bagamoyo, iliyoirithi Kaole, nayo ikarithiwa.

Basi, mji hauuawi na adui peke yake. Hufa njia ya riziki yake izibapo, na mara nyingi watu wake huondoka wangali hai, wakaanza upya penginepo. Kwa hiyo tusiyabomoe magofu yale kwa kutaka mawe, maana ni ushahidi wetu. Nasi tukaao Kinondoni na Temeke tuulizane: riziki ya mji wetu yapita njia gani, na nani anayeitunza?

Kwaherini.