Kiberiti cha Salama: Safari Yake Mpaka Dukani

Twapenda kunena habari za kitu kidogo ambacho ni nadra kukikosa nyumbani, nacho ni kiberiti. Kila mtu ajua ya kuwa njiti ya kiberiti cha kawaida haiwaki ikikwaruzwa ukutani wala juu ya jiwe. Yataka ubavu wa kisanduku chake. Ubavu ukilowa maji twanung'unika na kuuliza, mbona hawakutia dawa yote katika njiti? Jawabu ni kwamba zamani ndivyo ilivyofanywa, na hasara yake ilikuwa kubwa sana.

Mwaka 1827 John Walker, mwuza dawa wa mji wa Stockton katika Uingereza, alianza kuuza vijiti vilivyowashwa kwa kuvutwa katikati ya karatasi ya msasa iliyokunjwa. Miaka michache baadaye Mfaransa mmoja, Charles Sauria, alitia fosforasi nyeupe katika kichwa cha njiti. Fosforasi ni kitu kilichovumbuliwa Hamburg mwaka 1669 na Hennig Brand, aliyekuwa akipika mkojo akitafuta namna ya kupata dhahabu. Dhahabu hakuipata, lakini alipata kitu king'aacho gizani na kuwaka upesi mno.

Viberiti vya fosforasi nyeupe viliwaka po pote, hata juu ya soli ya kiatu. Tena viliwaka pasipo kutakiwa: mfukoni, sakafuni vikikanyagwa, au ghalani vikiguguniwa na panya. Watoto walionyonya vichwa vyake walikufa kwa sumu. Na waliokuwa wakivitengeneza walipatwa na ugonjwa ulioanza kama maumivu ya jino, kisha mfupa wa taya ukaoza, wakati mwingine hata kuua. Waganga wa Vienna walikwisha kuueleza ugonjwa huo katika miaka ya 1840.

Basi, wazo la kuponya mambo hayo lilitoka Sweden. Gustaf Erik Pasch, mtaalamu wa kemia, alifikiri hivi: moto watokea kwa kukutana vitu viwili, basi na vitengwe. Aliitoa fosforasi katika njiti akaipaka nje, mahali pa kukwaruzia. Njiti peke yake haiwaki. Ubavu peke yake hauwaki. Vikikutana tu, moto. Mwaka 1844 alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Twaona kuwa hapana wazo zuri kuliko hilo katika habari yote hii. Hata hivyo halikumletea mali. Viberiti vyake vilikuwa ghali kutengeneza, na ubavu ulichakaa upesi kabla njiti hazijakwisha. Kiwanda cha Stockholm kilichojaribu kazi hiyo kikaiacha.

Watu husahau kwamba kati ya wazo na duka mna njia ndefu, na njia hiyo haipitwi na mtu mmoja. Kwanza ilitakiwa dawa yenyewe iwe njema. Katika miaka hiyo hiyo ya 1840 Anton Schrötter wa Vienna alionyesha ya kuwa fosforasi nyeupe ikipashwa moto pasipo hewa hugeuka kuwa nyekundu, nayo hiyo nyekundu haina sumu ile wala haiwaki ovyo. Pili, ilitakiwa ipatikane kwa wingi. Arthur Albright wa Birmingham akaanza kuitengeneza kiwandani.

Ndipo walipokuja ndugu wawili wa mji wa Jönköping, Johan Edvard Lundström na mdogo wake Carl Frans. Mkubwa alikuwa mtu wa majaribio, mdogo alikuwa mtu wa biashara, na twadhani kazi ilihitaji wote wawili. Walirekebisha mchanganyiko wa ubavuni, na mwaka 1855 wakapata medali katika maonyesho makubwa ya Paris. Tena njiti zililoweshwa katika dawa ili zikizimwa zisibaki na kaa jekundu. Mwenye nyumba ya makuti ataitambua mara moja thamani ya jambo hilo! Mwaka 1864 Alexander Lagerman aliunda mtambo wa kutengeneza njiti, na bei ikaanza kushuka.

Je, wanunuzi walikimbilia kitu hicho chema? La. Kampuni ya Bryant & May ya London ilinunua haki ya kutengeneza viberiti vya salama katika Uingereza tangu 1855, lakini watu waliendelea kutaka vile vya rahisi viwakavyo po pote. Mnunuzi aliona tofauti ya senti. Taya la mtengenezaji hakuliona. Kampuni hiyo hiyo iliendelea kutumia fosforasi nyeupe, na mwaka 1888 wanawake na wasichana wa kiwanda chake, wapata 1,400, waligoma kwa ajili ya faini na taabu za kazi. Hata ushindi wao haukuiondoa sumu ile.

Kilichoiondoa ni mambo mawili. Mwaka 1898 Wafaransa Sévène na Cahen walipata dawa nyingine ya kuwasha po pote isiyo na sumu hiyo, basi wenye viwanda wakakosa udhuru. Kisha serikali ziliingia kati. Finland ilikwisha kupiga marufuku fosforasi nyeupe mwaka 1872, na Denmark mwaka 1874. Mwaka 1906 nchi kadha wa kadha zilipatana huko Berne kuikataza. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1908, miaka 64 baada ya hati ile ya Pasch. Bwana Pasch mwenyewe alikwisha kufa tangu 1862, pasipo kupata faida ya maana kwa wazo lake.