Sayansi na Shamba la Nchi Kavu

Wasikilizaji wetu, tumepewa nafasi hii tuseme nanyi juu ya elimu ya sayansi na mitambo, na jinsi inavyobadilisha kilimo cha siku zijazo. Mtu akiyasikia maneno hayo huenda akafikiri habari za nchi za mbali, ambako trekta hujiongoza kwa ishara za setilaiti, na ndege ndogo isiyo na rubani hupita juu ya mahindi ikinyunyiza dawa. Mambo hayo yapo, wala si hadithi. Lakini sisi tunasema kutoka Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyokatwa katika Iramba mwaka 2012, na tunataka kuyapima mambo hayo kwa kipimo cha shamba la hapa.

Shamba la hapa mnalijua. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au mwanzo wa Mei. Katika mwaka wa kawaida hupata milimita 500 hadi 800, na katikati ya msimu, mara nyingi Februari, hukatika kwa majuma mawili au zaidi, mtama ukiwa ndio kwanza unataka kubeba. Anayelima hapa hashindani na magugu tu, hushindana na kalenda. Akipanda mapema mno, mbegu huota zikafa kwa jua, naye hana nyingine. Akichelewa, mvua humwacha njiani. Basi tukiulizwa sayansi itatufaa nini, hatuna budi kujibu kwa habari ya maji kwanza, ndipo tuseme habari ya mbegu na ya mashine.

Wako wanaoanza na mashine. Na tuondoke kidogo Mkalama, twende Kongwa katika Mkoa wa Dodoma, nchi yenye mvua haba kama yetu, tuone jambo lililotokea huko. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, ilituma tume ya watu watatu chini ya Bwana John Wakefield, aliyekuwa zamani mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika. Tume ikazunguka kwa majuma machache, ikatoa shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zake Tanganyika, nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa. Zikaletwa trekta zilizokwisha kutumika mahali pengine, hata vifaru vya vita vikageuzwa vivute majembe. Mwaka wa kwanza walikusudia kufyeka ekari 150,000; zilizopandwa hazikuzidi sana 7,500. Mizizi ya mibuyu na vichaka ilivunja vyuma, na udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama tofali, hata karanga zilizozaa hazikuweza kung'olewa. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na fedha zilizopotea ni kama pauni milioni 36.

Hatusemi habari hii ili tucheke. Wahandisi wale walikuwa hodari, na mashine zao zilikuwa na nguvu. Kilichokosekana ni kitu rahisi kuliko trekta moja: miaka michache ya kupima mvua mahali pale pale, na kuuchunguza udongo ukiwa mkavu sawasawa na ukiwa umelowa. Mashine ilitangulia, elimu ikafuata nyuma imechelewa. Sisi twaona hapo ndipo penye tofauti ya sayansi na mitambo, vitu viwili ambavyo watu huvitaja pamoja kana kwamba ni kimoja.

Sasa tufanye hesabu ndogo, kama tunavyowafanyisha wanafunzi wetu wa ualimu. Mvua ya milimita 1 ikianguka katika mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Basi mvua moja nzuri ya milimita 25, ile inayonyesha jioni moja na kuacha vijito vikivuma, imemwaga juu ya ekari yako lita 100,000 na zaidi, yaani madebe 5,000. Ni mwanamke gani wa Nduguti aliyepata kuteka madebe 5,000? Na bado asubuhi tunakuta ardhi imelowa kina cha vidole tu. Maji mengine yote yamekwenda bondeni, nayo yamechukua udongo ulio bora.

Kwa hiyo sayansi ya kwanza ya nchi kavu ni kuyazuia yale madebe. Katika miaka ya 1930 na 1940 wataalamu wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, walijaribu njia ya kulima kwa matuta, kisha kuufunga mfereji ulio kati ya tuta na tuta kwa kijituta kidogo kila baada ya hatua chache, hata shamba likawa kama sinia lenye vyumba vingi. Maji hayapati njia ya kukimbia, hukaa yakazama. Chombo chake ni jembe la mkono. Ni kazi nzito, hatukatai, na katika udongo wa mfinyanzi mwaka wa mvua nyingi mimea yaweza kusimama majini. Lakini yule anayengoja trekta ndipo aseme amepata kilimo cha kisasa, na aitazame hesabu ile ya madebe mara ya pili.

Tuje kwenye mbegu. Hapa sayansi imefanya kazi ambayo macho hayaoni. Mnalijua gugu liitwalo kiduha, lenye maua madogo ya kupendeza, mara nyingi mekundu, linalotokea katikati ya mtama na uwele. Mkulima huona mtama wake umedumaa, majani yananyauka kana kwamba kuna kiu, ilhali udongo una unyevu. Wazee wetu walisema shamba limerogwa, na kwa kweli jambo lenyewe lafanana na uchawi. Mbegu za kiduha ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja waweza kutoa makumi ya maelfu, nazo hukaa ardhini miaka 10 au zaidi zikiwa hai. Haziamki ila zisikie harufu ya mzizi. Mzizi wa mtama hutoa kemikali udongoni, na mbegu ya kiduha ikiipata huota, ikajishikiza katika mzizi ule na kuunyonya. Siku unapoliona gugu juu ya ardhi, hasara imekwisha kufanyika chini.

Bwana Gebisa Ejeta, mtoto wa kijiji nchini Ethiopia, aliyefanya utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, aliuliza swali moja: je, upo mtama ambao mizizi yake hainadi habari zake? Akaupata. Mtama ule hutoa kemikali ile kidogo tu, na mbegu za kiduha zikalala zisijue kwamba chakula kipo jirani. Akauchanganya na mitama yenye mavuno mema, na mwaka 2002 aina mbili za mbegu zake zikaidhinishwa hapa Tanzania, zikaitwa Hakika na Wahi. Mwaka 2009 akapewa Tuzo ya Chakula Duniani. Na aliye mbali na mbegu hizo hakukosa njia: mizizi ya karanga na kunde nayo huamsha mbegu za kiduha, lakini kiduha cha mtama hakiwezi kuinyonya. Huota kimedanganyika, kikafa kwa njaa. Hivyo ile desturi ya kubadilisha mazao, ambayo mama zetu waliishika bila kitabu, imeonekana ina maana katika maabara.

Lakini mbegu mpya nayo huja na deni lake, na hili yatupasa kulisema wazi, hasa sisi walimu. Mwaka 1999 iliidhinishwa nchini mbegu ya mtama iitwayo Macia. Ni mfupi, hukomaa mapema, punje zake ni nyeupe, unga wake ni mtamu. Kwa nchi ya mvua fupi ni mbegu njema sana. Mitama mingi ya zamani, yenye punje za rangi ya kahawia, ilikuwa na ukakasi mdomoni, na ukakasi ule ulikuwa ngao: ndege hawakuupenda. Ukimwondolea mtu ukakasi, umemletea na kwelea kwelea. Kwelea mmoja hula kiasi cha gramu 10 kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, nalo si kundi kubwa kwao, humaliza tani 10 kutwa.

Na nani hulinda? Wasikilizaji, mnajua ni nani. Mtama ukianza kuiva twaona madawati yana nafasi. Watoto wako juu ya vichungulio tangu alfajiri, na makopo na kombeo mikononi. Mzazi akiulizwa atajibu, "Mwalimu, mtoto asipokwenda shambani leo, mwakani atakuja shuleni na njaa." Hatukupata jibu la kumshinda. Serikali hunyunyiza dawa kwa ndege katika malalo ya kwelea, na Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani, lililoundwa mwaka 1962 na nchi za Afrika Mashariki, limesaidia kazi hiyo kwa miaka mingi. Lakini dawa itumikayo, fenthioni, haichagui. Huua na bundi na tai waliokuwa wakiwala kwelea wenyewe. Kwa maoni yetu, mtaalamu anayepima mbegu kwa gunia tu, asihesabu na siku za shule zilizotumika kulilinda gunia hilo, hesabu yake haijakamilika. Kijiji kikipatana kupanda mtama wa namna moja kwa wakati mmoja, ndege hugawanyika, na siku za kulinda hupungua kwa kila nyumba. Hilo halina gharama ila ya kukaa na kusikilizana, ambayo pengine ndiyo gharama kubwa.

Habari ya simu tuipitie upesi. Tangu mwaka 2022 wakulima wameandikishwa katika daftari la mtandao ili wapate mbolea ya ruzuku, na mabwana shamba na mabibi shamba wamegawiwa pikipiki na vifaa vya kupimia udongo. Ni mambo mema. Mwenye kununua mbolea asione haya kudai udongo wake upimwe kwanza, maana mbolea ya dukani katika udongo mkavu ni fedha iliyozikwa.

Utabiri wa mvua ndio unaotaka maneno zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza, kabla ya msimu, kwamba mvua zitakuwa juu ya wastani, au za wastani, au chini yake. Bibi mmoja wa hapa Nduguti alituuliza mwaka mmoja, "Mwanangu mwalimu, huo wastani ni wa shamba la nani?" Tulikaa kimya kwanza, kwa kuwa aliuliza kama mwanachuoni. Wastani ni hesabu ya mvua za miaka mingi, kwa desturi 30, zilizopimwa katika vituo, zikajumlishwa na kugawanywa. Kituo si shamba la bibi. Utabiri humwambia mtu mwelekeo, haumwambii siku ya kutupa mbegu. Hiyo ataijua kwa kopo lake mwenyewe.

Tunasema kopo, na tunamaanisha kopo. Chukua lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali peupe mbali na miti na paa, lisimame imara. Kila asubuhi baada ya mvua ingiza rula ya shule, soma milimita, andika katika daftari pamoja na tarehe, mwaga maji. Wataalamu wengi wa nchi kavu huhesabu kwamba msimu umeanza kweli zikipatikana milimita 20 hivi katika siku mbili tatu, wala kisifuate kiangazi kirefu. Siku zile za kwanza chimba pia kwa mkono. Ukikuta udongo umelowa hadi kina cha kiganja na zaidi, hapo pana akiba ya kuishikilia mche. Daftari la miaka mitano la nyumba moja lina thamani ambayo Kongwa hawakuwa nayo.

Dakika zetu zinakwisha, na bado hatujasema habari ya kujaribu mbegu za ghalani, kazi ya mwezi wa Oktoba. Hesabu mbegu 100 za mtama bila kuchagua, zipange juu ya kitambaa kilicholowa, kikunje, kiweke kivulini kisikauke. Siku ya saba fungua, uzihesabu zilizoota. Zikiwa 85 au zaidi, panda kwa kipimo chako cha siku zote. Zikiwa 60, ongeza mbegu katika kila shimo. Zikishuka chini ya 50, saga unga, utafute mbegu nyingine mapema kabla mawingu hayajakusanyika. Kwaherini.