Maneno Yasiyoingia

Kumbukumbu haizeeki yote kwa mwendo mmoja. Bibi wa miaka 75 husuka ukili huku akiwahadithia wajukuu, na vidole havikosei. Ujuzi uliozama mikononi hukaa miaka mingi. Akiba ya maneno nayo kwa wengi huendelea kukua hata baada ya miaka 60. Kinachopungua mapema ni kasi. Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani, Timothy Salthouse, alieleza kwamba ubongo unapochakata taarifa polepole, jambo la kwanza huanza kufifia kabla la pili halijakamilika.

Panapoumia zaidi ni kugawa umakini. Wahitimu wa uuguzi watayaona haya kwenye dirisha la dawa. Vidonge viwili asubuhi, kimoja usiku, baada ya chakula: yote yanasemwa kwa pumzi moja, mtoto analia, foleni inasukumana. Mzee anaitikia, "Haya, mwanangu." Akifika nyumbani hajui kipi ni cha usiku. Huitwa kusahau, lakini maneno hayo hayakuwahi kuingia. Lynn Hasher na Rose Zacks walieleza mwaka 1988 kwamba kadiri umri unavyosogea, ubongo hulegea katika kuzuia yasiyohusika, hivyo kilio cha mtoto hugombea nafasi ileile na maelezo ya dawa. Masikio yakiwa mazito, mzigo huongezeka, kwa sababu nguvu ya kuhifadhi maneno inatumika kuyanasa. Maelezo hayohayo yakitolewa moja moja, uso kwa uso, baada ya shikamoo isiyo ya haraka, kisha mzee akayarudia kwa maneno yake, hushika vizuri zaidi. Hiyo nayo ni tiba, ingawa haiandikwi kwenye cheti cha dawa.

Jina kumtoka mtu likabaki mdomoni, kisha likarudi jioni, ni kawaida ya umri. Kupotea njia ya nyumbani kwake, au kushindwa kupika chai aliyoipika maisha yote, si kawaida. Hapo kauli ya "ni uzee tu" ina madhara, maana huweza kuficha upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingo, sonona, au dawa zinazogongana, na yote hayo yana matibabu. Aliyeanza kubabaika ghafla tangu jana ni mgonjwa wa dharura, mara nyingi mwenye maambukizi, na hupaswa kupimwa kabla ya kurudishwa nyumbani.