Fakture ya umeme: kwanza tujue tunalipa nini

Maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa mtaa, Kadutu, Bukavu

 

Leo tunaongea juu ya ile karatasi inayoingia kwenye parseli kila mwezi na kuleta ugomvi kati ya mwenye nyumba na wapangaji: fakture ya umeme.

Kwenye intaneti kuko mashauri mengi. Zima taa, nunua frigo mpya, angalia kontere yako. Ni mashauri mazuri kwa mtu wa Ubelgiji. Sisi tunauliza kwanza: wewe uko na kontere? Juu katika nchi yetu nyumba nyingi zinalipa forfe, ni kusema bei moja iliyokadiriwa, umeme uwake siku 30 ao siku 10. Mwenye kulipa forfe akizima taa hapunguzi hata franka moja. Jirani yake mwenye kuacha resho inawaka mchana kutwa haongezewi kitu. Forfe ndiyo inatufundisha kuharibu umeme, halafu tunaambiwa wananchi hawana nidhamu!

Wenye kuwa na kontere, ya kawaida ao ya kulipa mbele, tuhesabu pamoja. Toeni telefone.

Ampule ya zamani, ile ya kamba inayowaka nyekundu ndani, ni wati 100. Iwashe saa 5 kila usiku, siku 30: ni kilowati saa 15. Ampule ya LED ya wati 10, saa zilezile, ni kilowati saa 1 na nusu. Nyumba ya ampule nne inatoka 60 inaingia 6. Telefone? Wati 10, saa 3 kwa siku, haifiki hata kilowati saa 1 kwa mwezi. Kwa hiyo wale wenye nyumba wanaokataza mtoto wa mpangaji kushaji telefone wanapigana na sisimizi, wakati tembo iko jikoni.

Tembo ni resho. Resho ya wati 1500, saa 3 kwa siku, inakula kilowati saa 135 kwa mwezi. Hapo ndipo franka zinaenda. Maharagi yalale ndani ya maji usiku mzima, utapika kwa muda mfupi zaidi. Funika sufuria. Usijaze maji ya kuogelea samaki. Zima resho mbele kidogo chakula hakijaiva kabisa, juu ile sahani ya chuma inabaki na moto wake. Ukipunguza saa moja tu kwa siku, umepunguza kilowati saa 45, sawa na ampule tatu za zamani. Na pasi: kusanya nguo za juma, upige mara moja, usiwashe kila asubuhi kwa shati moja. (Wakaka wa univerisite, munajisikia.)

Kwa parseli yenye kontere moja na familia sita, kugawa fakture kwa hesabu ya vyumba si haki. Mama anayeuza kwenye soko na kurudi usiku analipa sawa na mwenye kuwa na frigo mbili na salon ya kunyoa. Andikeni pamoja kila nyumba iko na vyombo gani, wati ngapi, saa ngapi. Hesabu ni ileile tuliyofanya sasa. Kama munaweza kuchanga, kila nyumba iwekewe kontere yake ndogo na fundi anayejua kazi. Ndiyo, inabomoa mfuko mwezi wa kwanza, lakini inamaliza matusi.

Kuko ndugu watasema: mbona tujisumbue, tuvute tu waya kwa jirani. Tunakataa. Munajua Nkafu, munajua Nyamugo. Nyumba za mbao zimebanana, waya mwembamba unabeba resho tano, unapata moto, na avenyu nzima inalala inje. Franka ulizookoa haziwezi kujenga tena nyumba ya mama yako.

Lakini ukweli wote tuuseme. Bukavu iko mulangoni mwa Ruzizi. Ruzizi 1 inatoa umeme tangu mwisho wa miaka ya 1950, nguvu yake ni karibu megawati 30 tu. Ruzizi 2 ilifunguliwa mwaka 1989, karibu megawati 44, na hizo tunagawana na Rwanda na Burundi. Mji umeongezeka mara nyingi, mashine ni zilezile. Tena, zile chupa na sashe tunazotupa ndani ya mifereji, mvua inazishusha mpaka ziwani, zinaenda kuziba mitambo ya Ruzizi 1. Delestaji ingine inaanzia kwenye mfereji wa avenyu yetu. Hiyo hakuna wa kuilaumu Kinshasa.

Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua kazi ya umeme kwa watu wengine, ikaunda na mamlaka ya kusimamia. Goma waliona kitu: Nuru ilileta umeme wa jua, Virunga ilileta umeme wa maji kutoka Matebe, na watu wanalipa kile walichotumia. Sisi tunaomba hilo tu: kilichotumiwa, kihesabiwe.

Sasa kazi. Kila avenyu ichague vijana wawili. Kuanzia kesho waandike ndani ya kayé: umeme umekuja saa ngapi, umeenda saa ngapi, kila siku, mwezi mzima. Wakusanye fakture za miezi sita, wapige foto. Na hiyo tutaandika barua ya kuomba kontere, avenyu kwa avenyu, sinyature ya kila nyumba, kopi kwa komini. Hakuna kuchoma pneu, hakuna kutukana ajenti anayepita na karatasi, yeye pia anarudi nyumbani ndani ya giza.

Wenye kayé waje mbele, kalamu ziko hapa.